Bwawa la kuogelea lisilofunikwa: msimu wa kuogelea ukiisha, tusiyaache maji yajilee

#1 Mlinzi wa Maji

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu wenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, lile lisilo na turubai la kulifunika, ambao baridi ikiingia tu wanazima pampu, wanafunga kibanda cha mitambo na kungoja joto lirudi. Nilifanya hivyo msimu mmoja. Baada ya wiki kumi nilikwenda kutazama nikakuta maji yamekuwa kijani cha chupa, ngazi ya pili haionekani. Nilipozamisha wavu, ukoga ulipanda nao kama shuka iliyolowa, na chini yake majani meusi yaliyooza. Juu ya maji viluwiluwi walikuwa wamening'inia vichwa chini. Nikitikisa fimbo wanazama wote kwa mara moja, kisha wanapanda mmoja mmoja kuvuta hewa. Kulirudisha bwawa lile kulinichukua siku 9 na dawa nyingi kuliko ninayotumia msimu mzima.

Watu tunadhani kwa kuwa hakuna anayeoga, maji hayachafuki. Majani yanaanguka, vumbi linaingia, ndege wananyea, mvua inaleta udongo. Mwani hauhitaji waogaji, unahitaji mwanga na chakula, na vyote viwili vipo. Kinachobadilika wakati wa baridi ni kasi tu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi mwani hukua polepole sana, na hapo ndipo tunapopata nafasi ya kupunguza kazi. Kupunguza, wakuu, si kuacha.

Nianze na pampu. Bwawa langu lina urefu wa mita 8, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1.5, yaani lita 48,000. Pampu inasukuma lita 12,000 kwa saa, kwa hiyo ikifanya kazi kwa muda wa saa 4 maji yote yanakuwa yamepita kwenye kichujio kiasi cha mara moja. Wakati wa joto naiachia mara mbili ya muda huo, baridi nairudisha kwenye saa 4 kila siku. Fanya hesabu ya bwawa lako, usichukue yangu.

Klorini naiweka kati ya miligramu 3 na 4 kwa lita, hata kama hakuna anayetia mguu majini. Kupandisha miligramu 1 kwa lita katika lita 48,000 kunahitaji gramu 48 za klorini halisi. Punje ninazotumia zina nguvu ya asilimia 65, hivyo ni kama gramu 74. Nazitia jua likishatua, pampu ikiwa inazunguka, kwa sababu jua linaila klorini haraka. Kwenye baridi utaona dozi moja inadumu siku nyingi kuliko ulivyozoea, maana jua ni dhaifu na mwani umelala. Pima kwanza ndipo utie.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na lililoniumiza kuliko ule ukijani, ni kwamba maji ya baridi yana njaa ya chokaa. Chokaa huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko kwenye maji ya moto. Maji yaleyale yaliyokuwa sawa wakati wa joto, yakipoa, yanaanza kula plasta na saruji iliyo kati ya vigae. Msimu ule nilipitisha kiganja kwenye ngazi ya kwanza nikahisi kama nimeshika msasa. Ukisugua kidole kinatoka na unga mweupe. Hiyo haisafishwi, ile ni plasta yenyewe imeliwa. Sasa wakati wa baridi naiweka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kwenye 7.6 hivi, siiachi ishuke hadi 7.2, ukali wa chokaa nauweka juu ya miligramu 200 kwa lita, na alkali, ile inayozuia pH kuyumba, kati ya 80 na 120. Mvua nayo inazidisha tatizo, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana chokaa kabisa na yana uchachu kidogo. Kila mvua kubwa ikipita, pima upya.

La mwisho kwa leo ni kimo cha maji. Kiwe katikati ya mdomo wa skima, ule wa pembeni unaovuta uchafu wa juu. Kikishuka chini ya mdomo, pampu inavuta hewa, inazunguka kavu na kuungua sili, ile raba inayozuia maji kuvuja. Kikipanda juu ya mdomo, majani yanaelea tu na hayavutwi. Mimi pampu iliniungulia wiki ya ukavu na upepo, wala hapakuwa na joto. Upepo mkavu unapunguza maji kwa kiasi ambacho hutarajii.

Mwenye kuongeza aongeze.

#2 Fundi wa Mitambo

Mkuu umeandika vizuri. Mimi nafanya kazi hii kila siku, nitagusa kichujio tu.

Siku umekiosha, pampu ikiwa inafanya kazi, soma mshale wa kipima presha na uandike namba hiyo kwa kalamu isiyofutika pembeni yake. Mshale ukipanda pauni 8 hadi 10 juu ya namba hiyo, ndipo unarudisha maji kinyume kuosha mchanga. Usioshe kwa kalenda. Mchanga uliooshwa kupita kiasi hauchuji vizuri, na kila ukiosha unamwaga maji yenye dawa yako. Msimu wa majani kinachojaa haraka zaidi ni vikapu, cha skima na cha pampu. Hivyo angalia kila baada ya siku mbili tatu, na baada ya upepo angalia siku hiyohiyo. Kikapu kilichojaa kinaibana pampu sawasawa na maji yaliyopungua.

Na ukifungua kifuniko cha kikapu cha pampu, tazama ile raba ya duara. Ikiwa imekauka na ina nyufa, hewa inaingia hapo, na utatafuta ugonjwa wa pampu mwezi mzima bila kuuona.

#3 Mama Wawili

Asanteni kaka zangu. Swali langu huenda ni jepesi kwenu. Kwa nini tusiyamwage tu maji yote? Bwawa likae tupu, lifagiliwe, msimu ukirudi tujaze mapya. Sisi tunaingia kwenye miezi ya mvua na kazi ya kupima kila wiki sina nafasi nayo.

#4 Fundi wa Mitambo

Dada, swali lako si jepesi, na nakuomba usimwage, hasa ukielekea kwenye mvua.

Bwawa la saruji likijaa, maji ya ndani yanalikandamiza chini. Likiwa tupu, linabaki kama chombo kilichofukiwa ardhini. Mvua ikinyesha siku kadhaa, maji ya ardhini yanapanda na kulisukuma kutoka chini. Bwawa linaweza kuinuka lote, likapasuka sakafu na kuvunja mabomba yaliyounganishwa nalo. Nimesimama mbele ya moja: upande wa kina ulikuwa umenyanyuka kiasi cha urefu wa kiganja, vigae vya ukingoni vimefumuka, na bomba la kurudishia maji limekatika pale linapoingia ukutani. Mwenyewe alikuwa amelimwaga ili apumzike na dawa. Mabwawa mengine yana vali chini ya kina inayoruhusu maji ya ardhini yaingie ndani presha ikizidi, lakini vali iliyoziba kwa uchafu wa miaka haikusaidii, na wengi hawajui hata kama wanayo.

La fiba nalo linainuka, na kuta zake zinaweza kutumbukia ndani. La plastiki laini, ile ngozi inasinyaa ikikaa bila maji na haikai tena sawa. Plasta nayo ikipigwa na jua bila maji inapata nyufa. Acha maji yawepo. Yanalishika bwawa.

#5 Mama Wawili

Nimekuelewa kaka, nimeshituka pia. Sitamwaga.

Basi na mimi niongeze la upande wangu, kwa sababu sijaona mtu kalitaja. Watoto. Wakati wa kuogelea macho yote yako bwawani, kila mtu anajua nani yuko majini. Msimu ukiisha hakuna anayetazama kule nyuma, na hapo ndipo mtoto anapotoka na mpira wake. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani, anashuka kimya. Na maji yakiwa ya kijani, mtu akisimama ukingoni haoni kilichoko chini.

Mimi uzio wangu una urefu wa mita 1.2, na lango linajifunga lenyewe kwa springi. Baridi ilipoingia springi ilishika kutu, lango likawa linabaki wazi upana wa mkono. Niliona siku tatu baadaye. Siku tatu, na nina mtoto wa miaka miwili. Tangu hapo kila Jumapili naliachia lango lijifunge mbele ya macho yangu mara tatu, na vitu vyote vya kuchezea nimevitoa majini, kwa sababu mtoto anaufuata mpira unaoelea.

#6 Mlinzi wa Maji

Dada Mama Wawili, asante sana kwa hili. Nilipaswa kuanza nalo mimi. Nimetoka sasa hivi kukagua kitasa cha lango langu.

#7 Baridi Kali

Kwa tunaoishi ambako maji yanaganda: maji yakigeuka barafu yanatanuka kwa asilimia 9 hivi, na bomba au mwili wa pampu hauna pa kuipeleka nafasi hiyo, unapasuka. Kama bwawa liko wazi na mfumo unafanya kazi, pampu izunguke muda wote ambao hewa iko kwenye sifuri au chini yake, usiku kucha ikibidi. Maji yanayotembea hayagandi upesi. Umeme ukikatika usiku wa namna hiyo, zima swichi kuu ya pampu, fungua vizibo vya chini vya pampu na kichujio, maji yatoke. Vizibo hivyo vitafute mchana, mapema, ujue viko wapi na vinafunguka kwa spana gani. Usiku, vidole vikiwa vimekufa ganzi, huvioni.

Wanaotumia mtambo wa kutengeneza klorini kwa chumvi nao wajue kwamba mingi inaacha kuzalisha maji yakipoa sana. Taa inawaka, unadhani klorini inaingia, kumbe hakuna kitu. Kipindi hicho tieni klorini kwa mkono.

#8 Kijana wa Bondeni

Wakubwa shikamooni. Mimi nimechelewa. Nimekabidhiwa nyumba ya mjomba niitunze, bwawa lina urefu wa mita 10 kwa 4, wastani wa kina mita 1.4. Limekaa miezi miwili bila kuguswa, ni kijani tupu. Jana jioni nimetia kilo 2 za klorini ya punje. Leo asubuhi nimepima kwa vile vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, hakuna rangi, sifuri. Kibandani nimekuta ndoo ya vidonge vikubwa vya klorini vya zamani. Nafikiria kuvichanganya na punje zilizobaki kwenye kile chombo kinachoelea ili dawa iwe kali. Niendelee?

#9 Mlinzi wa Maji

Marahaba kijana, lakini SIMAMA HAPO. Usichanganye. Rudia kusoma: vidonge vile na punje ni klorini za aina mbili, na zikikutana, hasa zikiwa na unyevu, zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Hata kijiko kilichochotea hiki kisiingie kwenye ndoo ya kile. Chombo kinachoelea kama kilishawahi kukaa vidonge, punje zisitie mguu humo. Na asidi ya kushushia pH iwe mbali na vyote viwili, ikikutana na klorini inatoa gesi inayounguza mapafu. Siku zote dawa ndiyo inatiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya dawa.

Sasa tuje kwenye sifuri yako. Bwawa lako ni lita 56,000. Kilo 2 za punje za asilimia 65 ni gramu 1,300 za klorini halisi, yaani kama miligramu 23 kwa lita. Inawezekana mwani umeila yote. Inawezekana pia klorini iko nyingi mno hadi inaifuta rangi ya kipimo. Ukidondosha kidonge cha kupimia tazama kwa makini: rangi ya waridi ikitokea sekunde moja kisha ikapotea, hiyo si sifuri. Chukua sehemu 1 ya maji ya bwawa, changanya na sehemu 4 za maji ya chupa ya kunywa, pima, kisha zidisha jibu mara 5.

#10 Kijana wa Bondeni

Asante mkuu, vidonge nimevirudisha kwenye ndoo yake, nimeitenga kona nyingine kabisa. Nimepima kama ulivyosema. Kweli rangi ilikuwa inatokea na kufutika, sikuwa natazama. Baada ya kuchanganya imesoma 3.5, mara 5 ni 17.5. Nilikuwa naelekea kutia kilo nyingine 2.

#11 Mlinzi wa Maji

Vizuri sana. Usitie tena leo. Kazi ya leo ni ya mikono. Toa majani yote ya chini kwa wavu hata kama huyaoni, pitisha polepole ukifuata sakafu, kwa sababu kila jani linaloozea mle linakula klorini yako. Kisha piga brashi kuta, ngazi, nyuma ya ngazi ya chuma na ndani ya mdomo wa skima. Mwani una utelezi unaoukinga, brashi ndiyo inayoupasua dawa iingie. Pampu isizimwe usiku wala mchana hadi maji yang'ae. Mshale wa kichujio utapanda upesi, fuata alivyosema Fundi.

Kipimo cha kujua kama umemaliza ni hiki. Pima klorini jua likishazama, pima tena kabla halijachomoza, usitie kitu katikati. Usiku hakuna jua la kuila, kwa hiyo ikishuka zaidi ya miligramu 1 kwa lita, bado kuna kitu hai kinachoila. Irudishe pale ilipokuwa na uendelee. Usiogelee wala usimruhusu mtu aingie.

#12 Fundi wa Mitambo

Kijana, kabla hujatia dawa nyingine pima pia ile asidi ya sayanuriki, kikinga jua cha klorini. Ni kile kichupa chenye doa jeusi chini: unachanganya maji na dawa yake yanakuwa kama maziwa, unamimina taratibu ukitazama kutoka juu hadi doa lipotee, unasoma alama. Kati ya 30 na 50 ni sawa. Kama mjomba alitumia vidonge miaka mingi huenda imefika 100 au zaidi, kwa sababu kila kidonge kinaacha asidi hiyo na haiondoki ikishaingia. Ikizidi hivyo, klorini unaiona kwenye kipimo lakini inafanya kazi kivivu. Dawa yake ni kupunguza sehemu ya maji na kuongeza mapya, robo kwa robo, siku kavu, wala si kumwaga lote. Huo ndio upande mzuri wa mvua: bwawa likifurika, kidogo kidogo asidi hiyo inapungua yenyewe.

#13 Kando ya Ukuta

Mimi ni msomaji tu, ila nina moja. Wekeni ubao au kamba nene yenye mafundo kutoka ngazi ya juu hadi majini, muifunge imara. Vyura na mijusi wanaingia usiku na hawawezi kupanda ukuta wa vigae. Asubuhi moja nilimkuta chura kwenye kikapu cha skima bado anapiga miguu, amechoka kabisa. Tangu niweke ubao sijaokota aliyekufa. Mnyama aliyekufa majini anachafua pia, kwa hiyo faida ni ya pande zote.

#14 Mama Wawili

Hilo la ubao zuri, nitaweka kwa ndani ya uzio.

Kuhusu mbu: nasoma kwamba kwenye joto yai linafika kuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa maana hiyo mtu akikagua kila wiki, akaendesha pampu na klorini ikawepo, hawafiki?

#15 Mlinzi wa Maji

Ndiyo dada. Maji yanayotembea mbu hayapendi kutagia, na kiluwiluwi anahitaji uso wa maji uliotulia ili avute hewa. Angalia na sehemu zilizojificha: turubai la viti lililokunjwa, ndoo ya kibandani, mfereji wa ukingoni. Wakati mwingine bwawa ni safi na mbu wanatoka kwenye ndoo iliyo hatua mbili kutoka hapo.

#16 Kijana wa Bondeni

Wakubwa, narudisha taarifa.

Siku ya pili maji yalitoka kwenye kijani yakawa ya kijivu kama maji yaliyooshewa chaki, nikaogopa nimeharibu. Fundi aliniambia pembeni kuwa huo ni mwani uliokufa, niendelee kuosha kichujio. Nimekiosha mara 5 kwa siku nne. Majani niliyoyatoa yamejaza viroba vitatu, na nilikuwa nimeshaapa kwamba chini hakuna kitu. Kikinga jua kimesoma 60, kwa hiyo nimepunguza robo ya maji juzi kulipokuwa kukavu, nikajaza.

Leo ni siku ya 7. Asubuhi nimesimama upande wa kina nikaona skrubu mbili za kifuniko cha chini, hadi ile mistari ya bisibisi juu yake. Jana saa 1 usiku klorini ilikuwa 11, leo saa 11 alfajiri 10.5. pH 7.5.

Swali: niishushe klorini kwa dawa au niiache?

#17 Mlinzi wa Maji

Iache ishuke yenyewe hadi 4, jua litaifanya kazi hiyo bure. Usiku imepungua nusu miligramu tu, umemaliza. Pampu unaweza kuirudisha kwenye muda wa kawaida wa baridi. Hongera sana kijana, mjomba amepata mtu.

#18 Kijana wa Bondeni

Asante mkuu. Pampu yangu kibao chake kinasema lita 14,000 kwa saa, kwa hiyo lita 56,000 ni saa 4 vilevile. Nimeweka kuanzia saa 3 asubuhi. Lango halina springi, kesho naitafuta. Jumamosi napima tena, nitaweka namba hapa.